Uzi: Kinanda kinanilisha, saksofoni inanipa sifa. Maisha ya mpiga muziki wa kukodiwa hapa Goma

#1 SaksaWaMajengo

Wakubwa na wadogo, salamu kutoka Goma.

Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Jumamosi nilipiga kwenye arusi moja upande wa ziwa. Sakso bi arusi anapoingia, kinanda wakati wa chakula, sakso tena wakati wa keki. Tulikubaliana dola 80, nikapewa avansi ya 30. Shughuli ilipoisha nikamfuata mweka hazina wa kamati, kaka yake bwana arusi, mtu mpole tu, suti imemkaa. Akanihesabia 50 iliyobaki: noti mbili za 20 na moja ya 10. Nageuza ile 20 ya pili, naona pembeni ina mpasuko wa urefu wa punje ya mchele.

Kwa mlioko Dar au Mombasa: huku Kongo tunatumia franga na dola pamoja, lakini dola ikichanika hata kidogo, duka zima linakugeukia kama umeleta nyoka. Nikamwambia, "Mukubwa, hii hawataipokea." Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Ndugu yangu, kwani umepuliza saa mbili tu."

Saa mbili tu! Leo siku ya tatu maneno hayo bado yamenikaa kooni. Basi acha niwahesabie hizo saa mbili.

Jumatano bi arusi alinitumia sauti kwa WhatsApp, anaimba wimbo anaoutaka, nyuma yake mtoto analia na mtu anamwaga maji. Ameanza kwenye ufunguo mmoja wa sauti, amemalizia kwenye mwingine. Nikakesha kuutafuta kwenye kinanda, maana bi arusi haambiwi kwamba amehama ufunguo. Alhamisi nikamfuata mwimbaji Katindo kwa mazoezi, hakuwepo. Ijumaa yeye alikuwepo, umeme haukuwepo, tukapiga kwa betri sita nilizonunua mwenyewe.

Jumamosi spika nilizokodi Birere zilikuja kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Mimi nikapanda moto, yaani pikipiki, sakso mgongoni, kinanda nimekilaza mapajani kimetokeza kulia na kushoto kama mbawa za ndege, kila tunayempita anatutukana. Mnaoijua Goma mnazijua barabara zetu za ndani, ni mawe meusi ya volkano yenye meno. Kwenye kila jiwe nasikia kitu ndani ya kinanda kinagonga, moyo nao unagonga.

Nilifika saa nne asubuhi. Kadi ilisema saa sita. Bi arusi aliingia saa tisa na nusu. Hizo saa zote mpiga muziki hali, maana chakula ni cha wageni, haendi mbali, maana "wako karibu kufika", na anshi lazima ibaki na unyevu mdomoni. Anshi ni kile kijibanzi cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa sakso. Kikikauka kinapiga yowe kama mbuzi, na yowe hilo litatoka pale pale bi arusi anapoweka mguu mlangoni.

Halafu ndiyo zikaja saa mbili zangu.

Wenzangu wa kazi hii, nyinyi mnapangaje bei?

#2 BeziYaKadutu

Muzee pole. Huku Bukavu iko vilevile. Mimi balinilipaka na casier (kreti) moja ya bia, na mimi sinywake! Iyo noti usiitupe, kuko bale benye kubadilisha, lakini batakukata. Njo maisha yetu.

#3 KatubaYetu

Niko Lubumbashi. Huku kwetu gitaa ndiye mzee wa mji, tangu enzi za Mwenda Jean Bosco, yule Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga kwa vidole viwili kama watu watatu. Saksofoni nyingi tunaziona kwenye fanfare, zile bendi za tarumbeta, na misa kubwa. Nikuulize, yaya (kaka mkubwa): kwa nini vyombo viwili? Si ungekazana na kimoja ukawa bingwa?

#4 SaksaWaMajengo

@KatubaYetu swali zuri, na mama yangu huliuliza kila mwaka mpya.

Sakso nilianzia kwenye fanfare. Sisi upande wa baba ni Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, na Mkimbangu mwenye mapafu mazima lazima atapewa kitu cha kupuliza. Nilitaka tarumbeta. Nikapewa alto, sakso ya ukubwa wa kati, kwa sababu aliyekuwa nayo alihamia Butembo, na ile alto ilikuwa imeshikiliwa na mpira wa nywele wa mtoto wa kike pale springi ilipokatika. Hadi leo natembea na mipira ya nywele ndani ya sanduku. Springi ikikatika katikati ya kazi, mpira unakufikisha mwisho wa shughuli, na hakuna mgeni atakayejua.

Kinanda nilijifunza kwa njaa. Nilipofika miaka 20 nikagundua simu inayoita kwa ajili ya sakso ni moja kwa mwezi, labda mbili Desemba. Simu inayoita kwa ajili ya kinanda (huku watu husema "piano" hata kama ni plastiki tupu) ni kila wiki: kwaya ina mashindano, mpiga wa kanisa fulani ameumwa, mtoto wa fulani anataka masomo, kuna matanga. Hakuna kanisa linaloanza ibada bila kinanda. Bila sakso zinaanza zote.

Na hii si bahati mbaya yangu peke yangu, ina historia. Zamani sakso ndiyo ilikuwa inaongea kwenye rumba yetu. Verckys alipuliza kwa Franco kwenye OK Jazz hadi 1969 alipojitoa kuanzisha bendi yake ya Vévé. Manu Dibango alitoka Kamerun, akapitia Ulaya, akaja Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1961 na African Jazz, bendi ya Kabasele, na angalieni: naye alikuwa wa sakso na piano! Kwa hiyo wanaonicheka kwamba mimi ni wa vyombo viwili, mkamcheke na mzee Manu kaburini. Halafu mwishoni mwa 1969 vijana wa Zaiko Langa Langa wakaja na magitaa na ngoma, bila wapulizaji. Mji mzima ukawafuata. Miaka ya 80 vinanda vya umeme vikaingia na kitufe kimoja chenye sauti ya tarumbeta nne. Bosi wa bendi akipiga hesabu, wapulizaji wanne wanakula, kitufe hakili.

Mbelgiji aliyeivumbua saksofoni, Adolphe Sax, alipata hati yake Paris mwaka 1846. Alifilisika zaidi ya mara moja na kufa maskini 1894. Nikimkumbuka huwa najisikia nafuu kidogo.

Sasa faida ya kuwa na vyote viwili ambayo watu hawaioni. Alto haiongei lugha moja na kinanda. Kinanda kikipiga do, mimi lazima nipige la ili tutoe sauti moja. Kwaya ikiimba kwenye fa, mimi niko re. Hilo unalizoea. Balaa ni mpiga kinanda aliyejifunza ufunguo mmoja tu, kila kitu anapiga kwenye fa, na waimbaji wakitaka kupanda anabonyeza transpoze, kitufe kinachohamisha ufunguo wa kinanda chote. Kwaya inapanda nusu sauti, vidole vyake havijahama hata kidogo, anatabasamu. Mimi niliyekuwa kwenye re natupwa kwenye mi bemoli katikati ya ubeti. Namwangalia, ananipungia mkono. Yeye anaona bado yuko kwenye fa! Wasikilizaji wanasikia sakso imekosea, wanageuka kuniangalia mimi.

Kwa kuwa nami nakaa kwenye kinanda, namjua huyo mtu, najua kidole chake kinakwenda wapi kabla hakijaenda. Nikiona mkono wa kushoto umeachia kodi (zile sauti zinazobonyezwa pamoja) na kusogea juu kwenye vitufe, tayari nimeshahama.

#5 MamaSopranoYaTatu

Papa Saksa, hapo kwenye transpoze umenigusa, na sisi waimbaji tuna letu. Mwalimu wetu wa piano akija amechelewa anasema moto ilipasuka tairi. Kila Jumapili moja tairi! Na mnatuomba pesa ya usafiri wakati sisi tunanunua vitambaa vya sare kwa mifuko yetu, na tunaimba bure. Kwa nini nyinyi mlipwe na sisi tusilipwe? Si wote tunamtumikia Mungu mmoja?

#6 SaksaWaMajengo

@MamaSopranoYaTatu mama, heshima yako. Swali lako ni gumu kuliko la mweka hazina, na sitalikimbia.

Kwaya yangu mimi sijawahi kuidai. Kanisa langu napiga bure tangu nikiwa kijana, na kama ni tairi, mimi kwetu naenda kwa miguu. Ninapodai ni pale ninapoitwa kwa wengine, Jumapili ile ile ambayo ningeweza kuwa kwetu. Huko kuna mtindo mmoja: wanakupigia Jumanne, sauti tamu, "mtumishi wa Mungu, tunakuhitaji." Ukitaja nauli, utumishi unakwisha hapo hapo. Niliwahi kupiga ibada tatu mfululizo pamoja na mkesha, mwisho mzee wa kanisa akanishika mabega yote mawili akaniombea dakika kumi. Maombi mazuri, sikatai. Nilirudi Majengo kwa miguu.

Lakini nikisema kanisa halijanipa kitu nitakuwa mwongo. Acha niwape kisa kimoja.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi. Kesho yake ilikuwa Pentekoste, kwa hiyo jioni tulikuwa kanisani mazoezini, kwaya nzima. Mimi niko kwenye kinanda, nimewasha mdundo wa rumba ya polepole ili sauti za akina mama zijipange. Kama saa moja hivi mtoto mmoja akaingia akasema mbingu imekuwa nyekundu. Tukamkemea. Akarudi. Tukatoka nje wote, na kweli, upande wa volkano ya Nyiragongo anga limekuwa kama mdomo wa tanuri. Wenye umri waliokuwepo Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, hawakusema neno. Waligeuka tu wakaanza kutembea kwa haraka. Ukimwona mtu mzima wa Goma anaondoka kimya hivyo, mfuate.

Nilirudi ndani kuchukua sakso, ilikuwa kwenye benchi ya mbele. Kinanda nilikiangalia mara moja tu. Kilo kumi na stendi, na nina watoto wawili nyumbani. Nikakiacha. Hata kukizima sikukizima. Nilipofika mlangoni bado kinapiga rumba peke yake, kanisa tupu, viti vimepinduka, na mdundo unazunguka tu, pa-pa-pam, pa-pam. Nilikuwa nimevuka barabara ndipo umeme ukakatika mtaa mzima.

Usiku ule tulilala Gisenyi, ng'ambo Rwanda, pembeni ya barabara, kichwa cha mtoto wangu mkubwa juu ya sanduku la sakso. Lava ilisimama kabla ya uwanja wa ndege. Tukarudi. Tarehe 27 wakaagiza mitaa kumi ihame, wetu ukiwemo, safari hii tukaenda njia ya Sake, umati wa watu ambao sijawahi kuuona kwenye konseri yoyote. Niliporudi kanisani baada ya hapo yote, kinanda kilikuwa pale pale, kimefunikwa kwa kitenge. Hadi leo sijajua ni mama gani kati yenu, waimbaji, aliyerudi kukifunika wakati watu wanakimbia. Kwa hiyo mama Soprano, mimi na akina mama wa kwaya hatuna kesi.

#7 FundiSonoVirunga

Kisa kizito. Mimi naleta ya ufundi, maana nusu ya vinanda vya makanisa ya mji huu vimepita mezani kwangu.

Kwanza vumbi. Vumbi letu ni jeusi na lina chembe kali. Linaingia chini ya vibonye, linakaa kwenye ule utepe wa mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Hapo ndipo mtu anakuja kulalamika: re ya katikati haitoi sauti, au ukiigusa taratibu inapiga kelele kama umeipiga ngumi. Si kwamba imekufa. Zima kinanda, kifungue, toa mpira, safisha kwa alkoholi safi na pamba, acha ikauke, rudisha. Msitumie mafuta ya taa, jamani! Nimeletewa kimoja kilichosafishwa kwa mafuta ya taa, mpira umevimba kama mandazi.

Pili jenereta. Usichomeke kinanda kabla jenereta haijatulia. Na mwendeshaji akiongeza mafuta mashine ikakohoa, ule mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye adapta. Chomeka kupitia stabilizeta, au angalau mwambie huyo kijana wa jenereta asiguse kitu wakati wa nyimbo. Adapta iwe ya volti ile ile iliyoandikwa nyuma ya kinanda. "Imeingia" si sawa na "inafaa".

@SaksaWaMajengo unatembeaje na kinanda bila sanduku gumu? Mapajani juu ya moto? Utaniletea hivi karibuni.

#8 SaksaWaMajengo

@FundiSonoVirunga nitakuletea, la ya juu kabisa imeanza kupiga ngumi. Sanduku gumu nimelipigia hesabu, ni arusi mbili zisizo na noti iliyochanika.

#9 BiArusiMtarajiwa

Samahani nyinyi wataalamu. Mimi naolewa mwezi wa nane, na nataka sakso wakati naingia, kama zile video. Nimemwambia mchumba wangu anasema ni gharama bure, DJ yupo na flashi yake ina kila kitu. Nimjibu nini? Na nikimwita mpulizaji nimwambie nini asije akaniharibia?

#10 SaksaWaMajengo

Dada, hongera. Mchumba wako hajasema uongo. DJ na flashi yake wanakula nusu ya kazi zetu, na DJ hachoki wala hapotezi springi. Mimi mwenyewe nilipooa, sehemu ya pili ya sherehe ilikuwa ya DJ.

Lakini ukiamua, mwambie mpulizaji mambo machache mapema. Mpe wimbo kwenye rekodi, usimwimbie (nimeshasema ya bi arusi wa Jumatano). Mwambie utatembea hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Sitanii. Wengine wanatembea dakika moja, wengine nane kwa sababu ya gauni, na mpulizaji asiyejua ataumaliza wimbo wewe ukiwa katikati ya ukumbi, au atakuwa bado yuko kwenye ubeti wa kwanza umeshakaa na unafuta jasho. Kama ni nje, kando ya ziwa, jioni, mwache apate pa kukaa ndani kabla. Goma tuko juu, karibu mita 1,500, jua likizama baridi inaingia kwenye shaba na sakso inashuka sauti, kinanda hakishuki. Ikibidi anasukuma mdomo wa sakso ndani kidogo ili kuipandisha, lakini akiwa ametetemeka saa mbili nje hakuna kusukuma kutakakomwokoa.

Na usimwambie "piga kama Kenny G". Kila bi arusi anasema hivyo. Yule tunayemsikia kwenye video mara nyingi yuko na soprano, ile iliyonyooka kama filimbi. Alto yangu imepinda kama kiko cha babu. Tutafika arusini, lakini si kwa sauti ile.

Halafu kutuza. Wapo wageni watakaoinuka kumbandikia noti mpiga muziki kwenye paji la uso. Waambie kamati mapema fedha hiyo ni ya nani. Nimeona mweka hazina akimbandua mwimbaji noti usoni, moja moja, akiziingiza kwenye bahasha ya ukumbi. Jasho lilikuwa bado kwenye noti.

Na kuna wageni wanaotaka majina. Huku tunaita kurusha mabanga, yaani mawe: mtu analipa ili jina lake litajwe katikati ya wimbo. Mwimbaji wangu anajua kutaja majina ishirini bila kuvuta pumzi. Sisi wa Goma tunacheka, maana tuna mtaa unaoitwa Mabanga kwa sababu ya mawe ya kweli ya volkano. Mwimbaji akisema "nimetoka Mabanga kutafuta mabanga", ukumbi unaanguka. Mpulizaji ndiye asiyepata kitu hapo, mdomo wake umejaa, hana jina la kumtaja mtu. Ndiyo maana wakati wa mabanga narudi kwenye kinanda haraka. Kule angalau naweza kuitikia.

#11 TromboniMstaafu

Nimesoma yote. Vijana wangu, mnasahau kusema kazi zimepungua kwa nini. Hoteli zilizokuwa zinawaita Ijumaa usiku zilikuwa zinajazwa na watu wa mashirika. Wengi wameondoka tangu Januari 2025, M23 walipouteka mji. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ya Mei 2021 usiku umekuwa mfupi kwa mwanamuziki, na sasa ni mfupi zaidi. Mimi nilikuwa napiga hadi jogoo. Sasa saa kumi na mbili jioni mtu anakunja nyaya.

#12 SaksaWaMajengo

Mzee wangu, kweli tupu. Nilikuwa na Ijumaa mbili kwa mwezi hotelini, muziki wa chakula cha jioni, taratibu, watu hawasikilizi na hawakusumbui. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa nalipwa kwa tarehe. Haipo tena. Na benki zilivyofungwa, malipo yote ni mkononi au kwa simu, na ukitoa kwa simu wakala naye anakata chake, kwa hiyo siku hizi nikitaja bei nataja mbili: ya mkononi na ya simu. Arusi zimehamia mchana. Zamani nilikuwa naweza kupiga ibada asubuhi na sherehe usiku, siku moja mara mbili. Sasa vyote vinagongana saa nane mchana, lazima uchague, na uliyemkataa anakumbuka.

Ng'ambo, Gisenyi, kazi zipo kidogo, lakini kuvuka na chombo kunataka subira. Sakso ina namba yake imechorwa nyuma, chini ya pale kidole gumba kinaposhika. Mimi nimeiandika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na picha yangu nikiwa nimeishika, ili nikirudi asiwepo wa kuniambia nimeinunua huko na nilipe ushuru. Vijana mnaoanza, fanyeni hilo leo. Kinanda sivuki nacho, naazima huko huko.

#13 MchongomaTz

Mwanza hapa. Nauliza tu bila ubaya: jumla hiyo yote, kwa nini usiiuze sakso ukabaki na kinanda? Mahesabu yako mwenyewe yanasema hivyo.

#14 SaksaWaMajengo

@MchongomaTz ndugu, niliwahi kuitangaza. 2022, ada za shule. Alikuja mnunuzi, kijana wa fanfare, akaomba aijaribu. Hakujua hata kushika anshi vizuri, nikamwonyesha, akapuliza, ikatoka ile sauti ya kwanza ya mbuzi ambayo wote tulianza nayo. Nikamwambia bei imepanda. Akaenda. Ada nililipa kwa kufundisha piano watoto watano sebuleni kwangu, na wa kwanza kati yao sasa ndiye ananibania transpoze kanisani.

Nikipiga kinanda ibada nzima hakuna anayegeuka. Nikitoa sakso dakika tatu, simu zote zinanyanyuka. Kwenye ile arusi ya noti mbovu, picha zangu zote walizozituma ni za sakso. Saa zote za kinanda na kungoja, hakuna hata moja.

#15 BeziYaKadutu

Na ile noti, muzee? Uliibadilisha?

#16 SaksaWaMajengo

Nilienda nayo Birere jana. Wa kwanza akaigeuza kwenye jua, akanirudishia bila kusema. Wa pili akasema 14. Wa tatu akasema 15, halafu akauona mpasuko vizuri, akasema 13. Nikarudi nayo.

Leo asubuhi nafungua sanduku, sol diezi imenata. Wanaopuliza wanaijua: kifuniko kidogo, mate na soda ya arusini vinakauka pale, unabonyeza, hakifunguki. Dawa yake ni karatasi ngumu iliyo safi. Unaiweka chini ya kifuniko, unakibana taratibu, unaivuta. Franga zetu ni laini mno, zimezunguka kila soko, zinaacha uchafu kuliko zinavyotoa. Dola ndiyo yenyewe, karatasi yake ina pamba ndani.

Nikaivuta mara tatu, upande usiochanika. Sol diezi inafunguka kama mpya. Kesho nina ibada saa mbili Kyeshero, wamesema nauli ipo. Kuanzia Jumatatu naipeleka tena Birere, nione kama kuna wa 15.

#17 FundiSonoVirunga

Na hiyo la ya juu uniletee kabla ya Kyeshero, si baada. Niko dukani hadi saa kumi na moja.